Sikio la Kulia

Bahasha ilikuja Jumanne, nene kama mkate wa shayiri,
na jina langu juu yake halikukosewa hata nukta:
Bonifacy Ledwoń, ghorofa ya tatu, Łódź.
Mhuri wa Ofisi ya Pensheni ulikuwa bado unanuka wino.
Niliifungulia mezani, kando ya sufuria ya kabichi,
nikidhani wamenirudishia miaka yangu.

Walikuwa wamenipa miaka ya mtu mwingine.

Genowefa Szczurek, mzaliwa wa Zgierz.
Kiwanda cha nyuzi, zamu ya usiku, miaka kumi na tisa.
Cheti cha daktari: sikio la kushoto halisikii tena,
sababu, kelele za mashine.
Hati ya ndoa. Hati ya talaka.
Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, Marceli, mwezi Machi,
na nyuma yake, kwa pini ileile,
karatasi nyingine ya Marceli, mwezi Mei.

Nikazima jiko.

Nilijiambia: funga, si zako.
Lakini macho hayana pazia.
Nilisoma zote, na baada ya kusoma
nikanawa mikono, nikasoma tena.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na zangu mimi, usiku huo, kata yake ilikuwa nani?
Kama za Genowefa ziko kwangu,
nani amekaa na kabichi yake akinifunua?
Miaka thelathini na moja ya ufundi wa lifti, sawa, asome.
Vipimo vya kisukari, navyo havina neno.
Ila mle ndani mna karatasi ya miezi minane,
hospitali yenye uzio na bustani ya viazi,
miezi ambayo dada yangu alikwenda kaburini akijua
nilikuwa Gdańsk nikipaka meli rangi.

Asubuhi nikapiga simu. Muziki, dakika arobaini.
Kisha sauti changa, ya mtu anayetafuna:
"Mfumo unaonyesha, bwana, umepokea zako."
"Nimepokea za Bi Szczurek."
"Mfumo unaonyesha zako."
Laiti mfumo ungekuwa lifti,
ningeufungua kwa bisibisi nione kilichokatika.

Alhamisi nilipanda tramu hadi Zgierz,
theluji ikianguka kimshazari,
na Genowefa mzima mzima chini ya koti langu,
nikimbana kama mwizi anavyobana kuku.
Lifti yao ilikuwa na kibao. Nikapanda ngazi, ghorofa tano.
Nilibonyeza kengele mara tatu. Mara ya nne nikapiga mlango teke,
nikaona haya, na hapo ukafunguliwa.

Mwanamke mdogo, ndara za manyoya, miwani kichwani.
"Ledwoń," akasema, kabla sijajitaja.
Juu ya meza yake palikuwa na bahasha
imefungwa kwa uzi wa pamba, fundo la kiwandani,
lile lisilofunguka ila kwa meno.

"Sikuisoma," akasema.
"Wala mimi," nikasema.

Tukabadilishana. Hakuna aliyehesabu kurasa.
Kisha nikavuta kiti, na bila kufikiri
nikazunguka nacho meza yote,
nikakaa kuliani kwake.

Akakitazama kile kiti.
Akakitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Akamimina chai, gilasi mbili.
Katika yake akatia vijiko vitatu.
Juu ya yangu kijiko kikasita, kimejaa,
kikarudi kwenye kopo na sukari yake.
Hakuniuliza. Nikainywa ilivyo.

Nje, jembe la theluji lilipita likikwaruza barabara.
Upande wa kushoto wa uso wake haukutikisika.

"Lifti yetu," akasema, "imekwama tangu Krismasi.
Wanasema mpaka fundi atoke Warszawa."

Nikainama kidogo, upande ule unaosikia,
nikamwambia bisibisi ninayo.